Mwenzetu akikosa mkopo: tumchangie au tuibane Bodi ya Mikopo?

Wakuu, salaam. Naleta hoja, najua nitarushiwa mawe.

Kila zikikaribia UE, mitihani ya mwisho wa semista, grupu la darasa linageuka daftari la michango. CR, mwakilishi wa darasa, anaandika: "Mwenzetu hajamaliza ada, hataingia chumba cha mtihani, tushikane mikono." Chini yake orodha inaanza: 5,000, 2,000, mwingine 1,000 na kuomba radhi kwamba bumu, hela ya kujikimu ya mkopo, limechelewa. Hela ikitimia tunapongezana na habari inaishia hapo. Hakuna anayeuliza huyu alikosa mkopo kwa kigezo gani, wala rufaa yake ilijibiwaje.

Msinielewe vibaya, huruma tunayo. Nani hapa hajui kubebana? Mwenzako kakosa chumba, mnalala kitanda kimoja semista nzima, mlinzi akipita mnazima taa. Wikiendi tunapanda basi na katoni za sabuni kwenda kituo cha watoto yatima, picha kibao. Lakini waite watu hao hao waje waisome sheria ya Bodi ya Mikopo ya 2004: wanakuja wachache, na nusu yao wamefuata soda.

Msimamo wangu ni kwamba mchango usioulizwa chanzo chake unaipunguzia Bodi kazi. Tukiziba pengo kimya kimya, kwenye makaratasi pengo halipo. Mwanafunzi "amelipa". Karibuni.

Mdau wa Mabibo:
Hoja tamu ukiwa umeshiba. Mimi Bodi ilinipa sifuri mwaka wa kwanza. Ningesubiri darasa limalize kujadili sheria ningeahirisha mwaka. Aliyenichangia elfu mbili sikumuuliza kama amesoma vifungu.

Halafu mnasahau aibu. Mtu ameshatajwa kwenye grupu kwamba hana ada. Sasa ili tuibane Bodi unataka asimame tena atoe ushuhuda mbele ya viongozi? Unamvua nguo mara ya pili.

Mzee wa Oktoba:
Vijana, kudai peke yake si haki. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani, chuo kikuu cha Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga Jeshi la Kujenga Taifa la lazima: miezi 5 kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu 400, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20. Mkulima ambaye kodi yake iliwasomesha angewaelewa vipi? Yeye hata huo mshahara wa asilimia 40 hakuwahi kuuota.

Baada ya hapo wakaja wa Cheche, jarida la wanafunzi pale pale Mlimani, wakaandika kuhusu ukombozi wa bara zima, mambo yasiyowaongezea senti mfukoni. Lilipigwa marufuku 1970. Kwa hiyo swali langu kwa mleta mada: mnadai cha nani?

Mkatwa 15:
Mimi nakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi kurudisha mkopo. Mnaotaka kuibana Bodi, wabaneni na wenzenu waliomaliza wakajificha. Hela ya fresha wa mwakani inatoka huko pia.

Komredi wa Nairobi:
Habari zenu majirani. Huku mfumo mpya wa 2023 ulitupanga makundi kulingana na kipato cha nyumbani, na wengi wakalalamika wamewekwa na wenye nacho. Makundi ya kutetea haki yakaenda kortini, wanafunzi wakiwemo. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema mfumo unakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, ngoma ikaendelea.

Kesi ilifunguliwa 2023. Hesabuni wenyewe imechukua muda gani, na karo ya muhula haingoji jaji. Waliobaki darasani wengi ni kwa harambee za nyumbani na za hosteli. Bila michango hata wa kushinda kesi wangekuwa wameshaenda zao.

Mleta mada:
Komredi, hapo tuko pamoja. Sijasema tusichange.

Mzee, mwenye mkopo wa asilimia mia akimdaia aliyepata sifuri, hadai chake. Na kuna hofu hamjaigusa. Desemba 2019 viongozi wa DARUSO, serikali ya wanafunzi wa Mlimani, waliipa Bodi saa 72 itatue malalamiko ya wanafunzi, chuo kikawasimamisha masomo. Tangu hapo ukitaja "kudai", watu wanaangalia mlango. Mimi siwalaumu, wengine ni tegemeo la ukoo mzima.

Ndiyo maana sitaki saa 72 wala ushuhuda. Mdau, suala la aibu ni zito, kwa hiyo majina yasiwepo kabisa. CR akifungua mchango afungue na karatasi yenye safu nne tu: alipata asilimia ngapi, alikata rufaa au la, alijibiwa nini, darasa limemchangia kiasi gani. Mwisho wa semista inakwenda dawati la mikopo, nakala kwa DARUSO. Dawati likipokea karatasi kutoka madarasa ishirini, haliwezi kusema ni kelele za mtu mmoja.

Mkatwa 15, safu ya tano ya waliojificha utatujazia wewe.

CR wetu amekubali kuanza na UE hizi. Nahitaji madarasa mengine, hasa ya mwaka wa kwanza, maana huko ndiko sifuri zimejaa. Anayeweza aseme hapa hapa.