Bima ya mali sokoni: tulazimishwe wote au kila mtu aachwe na maamuzi yake?

MLETA MADA

Wakuu habari za saa hizi. Naomba tuliongee hili kwa utulivu, maana kila soko likiungua tunalia wiki mbili afu tunarudi kupanga mali vilevile kama zamani. Kwenye magrupu ya wafanyabiashara kuna hoja inazunguka kwamba kila mwenye fremu ya duka alazimishwe kukata bima ya mali yake, asiye nayo asipewe leseni. Mi napinga. Bima naipenda na ninayo, ila nahisi tunataka kuanzia mwisho.

Tukumbushane kidogo. Usiku wa Jumamosi tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua, lile jengo alilochora Beda Amuli lililofunguliwa 1975, wengi tulikua tunaamini zege lile halishiki moto na kweli zege lilibaki limesimama, kilichoteketea ni mitaji ya watu. Miezi sita baadae, Januari 2022, likafuata soko la mitumba la Karume. Afu tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaanguka Kariakoo asubuhi watu wako madukani, tukazika zaidi ya watu 20, na hapo hakukua na moto wowote. Sheria nayo ilishabadilishwa 2022 ikaweka bima ya lazima kwa masoko ya umma na majengo ya biashara na mizigo inayoagizwa nje. Swali langu ni ile mali iliyomo ndani ya fremu ya mpangaji, vitenge vyako, vyombo vyako, simu zako.

Sasa niwaambie yaliyonikuta, kwenye soko moja la mkoani sitalitaja. Nilikua nauza vitenge na mashuka, nina mkopo wa benki, na kila mwaka benki wananikata hela ya bima, nikawa natembea kifua mbele kwamba mimi nina bima. Soko likaungua. Mali ya kama milioni 34 imekwisha. Nakwenda benki na makaratasi naambiwa bima imeshalipa, imelipa salio la mkopo milioni 11, imelipwa benki. Fomu nilisaini mwenyewe, mnufaika ni benki, mtaji wangu haukuandikwa popote. Kwa hiyo bima ilikuepo, ila haikua yangu.

Na bado hilo halikuniumiza kama daftari. Nilikua natoa mali kauli kwa akina mama kama kumi na tano hivi wa vijijini, kila mmoja ana ukurasa wake, jumla walikua na milioni 9 na kidogo yangu. Daftari lilikua kwenye droo ya meza dukani. Limeungua pamoja na duka. Wapo waliokuja wenyewe kulipa, Mungu awazidishie, lakini wengine wakasema hawakumbuki ni shilingi ngapi na mimi sina pa kuwashika. Daftari la shilingi elfu mbili, ningelipiga picha kila jioni kwa simu nisingepoteza kitu.

Ndo maana nasema tunaanzia mwisho. Kampuni kubwa zina kitabu cha hatari, wanakaa wanaandika kila kitu kinachoweza kuwaangusha, kina uwezekano gani wa kutokea, kikitokea kinakula kiasi gani, na nani ndani ya ofisi anakilinda, na wanakirudia kila baada ya miezi mitatu. Hatari nyingine wanaikwepa kabisa, nyingine wanaipunguza, nyingine wanaibeba huku wanajua, na ile ambayo ikitokea inaua kampuni ndo wanaikatia bima. Sisi tunataka kuruka yote hayo tukakate bima halafu tulale. Ukiwa na mteja mmoja wa Lubumbashi anabeba nusu ya mali yako, siku hajaja utafanyaje? Ajenti wako Guangzhou ni mmoja, hela yote iko kwake. 2023 dola zilipoadimika wangapi hapa walishauza mzigo kwa shilingi, wakienda kutafuta dola za kurudishia mzigo hela haitoshi? Bima gani ya fremu inalipa hayo.

Wa kulazimishwa ni mwenye jengo. Nyaya zimeungwaungwa, geti moja, ngazi zimewekwa mali, chini anachimba aongeze fremu huku watu wako juu. Huyo ashikwe kwanza. Karibuni.

MUUZA VYOMBO, KARIAKOO

Kaka pole sana kwa yaliyokukuta. Ila mimi ni mama wa miaka kumi na tisa sokoni na nakwambia bila kulazimishwa hatukati. Hela ya bima tunaiona kama hela iliyopotea maana mwaka umeisha hakuna kilichoungua. Kikoba tunalipa, msiba tunachanga, kilemba cha mamilioni cha kupata fremu tunatoa bila kuuliza, bima tunasema mwakani. Hata bima ya gari, tusidanganyane, tungeikata kama trafiki wasingekua barabarani?

Alafu unasema kila mtu aandike hatari zake. Mimi nimeandika. Nina mtungi wa zimamoto, umeme nimemwita fundi mwenye leseni, jioni nazima swichi kubwa. Jirani yangu anaacha chaja usiku kucha na jiko la umeme anachemshia chai. Hatari yangu mimi ni yeye! Nitaiandika kwenye kitabu gani ikapungua?

MWAGIZA NGUO ZA UTURUKI

Mi siko upande wowote ila nina uzoefu na hizi kampuni. Kuchukua hela dakika tano, kulipa mwaka mzima, lete risiti, lete ripoti ya polisi, lete ya zimamoto, lete mthamini, afu mwisho wanakupa robo. Bora hiyo hela niweke pembeni kila mwezi kwenye akaunti yangu, nikiungua najilipa mwenyewe. Na mzigo wa baharini huwa sikati, meli haizami kila siku.

WAKALA WA BIMA

Naomba nijibu kwa mpangilio kidogo maana hapa kuna mambo matatu yamechanganywa, na mimi hii ndo kazi yangu miaka minane, sitamtaja mwajiri.

Kwanza hilo la kupewa robo. Mara nyingi linatokana na mteja kukatia bima chini ya thamani. Una mali ya milioni 80, unamwambia wakala andika 40 ili ulipe kidogo. Moto unakula mali ya milioni 20, wewe unategemea 20 zako kwa sababu bado ziko chini ya 40. Hapana, ulikatia nusu unalipwa nusu, milioni 10, na hapo bado hujatoa kile kiasi cha kwanza ambacho mteja anabeba mwenyewe. Mkataba unasema hivyo tangu siku ya kwanza, tatizo hakuna anayeusoma na sisi mawakala wengi hatuwaelezi vizuri, hilo nalikubali na linaniuma.

Pili ni risiti, na hapa naomba tuseme ukweli. Mtu ananunua mzigo bila risiti, anauza bila risiti, hesabu ya mamlaka ya mapato, TRA, inaonesha mtaji wa milioni 6, afu moto ukitokea anadai 60. Mthamini atazitoa wapi? Hatuwezi kulipa mali ambayo kwenye karatasi haijawahi kuwepo. Kwa hiyo mleta mada uko sahihi kwamba maandishi ndo yanaanza, ila ujue kinachowazuia wengi kuandika ni hofu ya kodi, sio uvivu.

Tatu ndugu yangu wa Uturuki. Meli haizami kila siku ni kweli. Unaikumbuka Ever Given, ile iliyokwama Mfereji wa Suez Machi 2021 siku sita? Haikuzama na kontena hazikuanguka. Lakini mwenye meli alitangaza kwamba gharama za uokoaji zigawanywe kwa wote wenye mali ndani ya meli, ni sheria ya bahari ya zamani sana. Aliyekua na bima kampuni yake ilimdhamini, asiye na bima alitakiwa atoe dhamana ya fedha mwenyewe ndo apewe mzigo wake. Na mzigo wa kutoka Istanbul unapita hukohuko Suez na Bahari ya Shamu, ambako kuanzia mwishoni mwa 2023 meli zilishambuliwa na nyingi zikazungukia Afrika Kusini.

Na kujiwekea mwenyewe sio vibaya, kwa hasara ndogo ndo njia nzuri kabisa. Ila ukiweka laki tatu kila mwezi na moto ukaja mwezi wa nne una milioni na laki mbili.

MWAGIZA NGUO ZA UTURUKI

Hiyo ya kugawana gharama za meli sikuijua kabisa, miaka sita naagiza. Asante mkuu, nitamuuliza ajenti wangu leoleo kwenye kontena la kuchangia inakuaje, maana mle tuko watu ishirini.

MFANYABIASHARA, NAIROBI

Huku kwetu Gikomba inachomeka kila mwaka, Juni 2018 tulipoteza watu 15 usiku mmoja. Nilienda kwa kampuni tatu nikitaka kuinsure kibanda changu cha viatu, zote zikanikataa, eti ni mbao na mabati, waya za stima haziko sawa, na barabara ya faya haipitiki. Sasa serikali ikinilazimisha kuchukua bima na kampuni ya bima hainitaki, nifanye nini, nifunge? Hiyo sheria itamfaa mwenye duka la mawe, mwenye kibanda ataondolewa sokoni kabisa, na ndio wengi. Wekeni hilo kwa mjadala wenu pia.

MSOMAJI MWINGINE

Na wale ambao dini yao hairuhusu bima ya kawaida mnawalazimishaje? Mimi nilikaa nje miaka yote kwa sababu hiyo. Saivi takaful, yaani bima inayofuata sheria za Kiislamu, ipo nchini angalau, lakini ukiuliza sokoni watu kumi labda mmoja ameisikia.

MLETA MADA

Nimesoma wote, nimerudia mara mbili. Wa Nairobi umegusa kitu nilichokua nashindwa kukisema. Kampuni ya bima ikikukataa inakua imekupa taarifa bure kabisa, imekuja imeangalia kibanda chako kwa macho ya mtu anayelipa, ikasema hapa pataungua. Ile karatasi ya kukataliwa ingepelekwa kwa uongozi wa soko na kwa halmashauri inayochukua ushuru kila siku, waambiwe nyaya hizi na njia hii ya gari la zimamoto ndo sababu watu 800 hawakatiwi bima, tengenezeni. Mpaka hapo kumlazimisha mwenye kibanda ni kumuonea.

Kwa wakala, nakubali la hofu ya kodi. Mimi mwenyewe vile vitenge nusu vilikua havina risiti. Hata ile bima ingekua yangu sijui ningedai nini.

Ila dada wa vyombo, hoja ya jirani mwenye chaja imenikalia kichwani tangu jana na sina jibu lake zuri. Niliandika kana kwamba hatari ya duka langu inaishia mlangoni kwangu. Soko halipo hivyo, ukuta ni mmoja, waya ni mmoja, paa moja. Nikifikiria bima ndogo ya gari, sheria haikulazimishi ulinde gari lako, hilo ni shauri lako, inakulazimisha umlinde yule utakayemgonga. Kwa hiyo nimesogea kidogo kutoka pale nilipoanzia. Mali yangu niachwe niamue mwenyewe nikatie bima au niibebe, lakini moto ukitokea dukani kwangu ukala maduka ya watu, hapo naona kweli nilazimishwe niwe na kitu cha kuwalipa, mimi na mwenye jengo wote wawili.

Wakala, bima ya namna hiyo ipo kwa fremu ndogo? Na chama cha wafanyabiashara kinaweza kuikata kwa pamoja kwa soko zima?

WAKALA WA BIMA

Ipo, ya dhima kwa mtu wa tatu, ila inauzwa zaidi kwa viwanda na mahoteli, fremu ndogo ni wachache sana wanaiulizia. Kwa kundi inawezekana, na kikundi kina nguvu ya kujadili bei kuliko mtu mmoja mmoja. Ugumu uko sehemu moja, kuthibitisha moto ulianzia kwa nani. Soko likishaungua lote usiku hakuna mtu, kila mmoja anasema ulianzia kwa mwenzie.

MUUZA VYOMBO, KARIAKOO

Basi hapo ndo uongozi wa soko uweke kamera na mita ya umeme ya kila fremu peke yake. Mimi Jumatano nina kikao cha mtaa wetu, hili la kukata kwa pamoja nalipeleka. Kaka, nitumie na hiyo namna yako ya kupiga picha daftari, niwaoneshe.