Pikapu mpya Texas: F-150 XLT, Ram Lone Star, Silverado LT au Tundra SR5? Bei zinanivuruga

Mpemba_Houston
Wakuu, salaam. Nataka kuagiza pikapu mpya, dabo kebini, 4x4. Kazi yake ni kuvuta trela la kubebea magari ya mnada kuyapeleka bandarini hapa Houston. Trela pamoja na gari lililo juu yake ni kama pauni 7,000.

Nimeomba bei kwenye yadi nne. Wa Ford ananiambia XLT 302A. Wa Ram anasema Lone Star yenye pakeji ya Level 2. Wa Chevrolet anasifia LT yenye Texas Edition. Wa Toyota hataki hata kusikia habari ya kuagiza, anataka nichague kati ya zilizo njiani. Kila karatasi ina bei ya kiwanda, bei ya yadi, na bei ya "ukija leo". Nikiziweka mezani pamoja hakuna mstari unaofanana na mwenzake. Nyie mnalinganishaje?

Fundi_Garland
Mkuu, majina yasikutishe, XLT, Lone Star, LT na SR5 ni madaraja ya gari tu. Lone Star ndiyo Big Horn. Nje ya Texas gari hilo hilo linauzwa kwa jina la Big Horn, sisi tumebandikiwa nyota tu tufurahi. Texas Edition ya Chevrolet nayo ni ile inayoitwa All Star Edition kwenye majimbo mengine. Beji haivuti trela.

Kwa Ford, 300A, 301A na 302A ni viwango vya vikorombwezo: viti vya kupasha joto, skrini, taa, mambo hayo. Vilivyomo hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo video ya mtu aliyenunua miaka mitatu iliyopita usiishike kama msahafu. Tena 302A haikwambii injini, haikwambii difu, haikwambii kama pakeji ya kuvutia trela imo. Hivyo vinachaguliwa pembeni. Unaweza kukuta XLT mbili zimeegeshwa bega kwa bega, beji moja, rangi moja. Hii ina injini ya turbo ya lita 2.7 (EcoBoost) na difu ya uwiano wa 3.55, ile ina EcoBoost ya lita 3.5 na pakeji kubwa ya kuvutia trela. Muuzaji atakwambia zote ni XLT na hatakuwa amesema uongo.

Toyota ukiletewa SR ya bei ya chini, angalia vizuri. Injini ni ile ile ya lita 3.4 yenye turbo mbili, lakini kwenye SR imepunguzwa hadi farasi 348. Kuanzia SR5 ni 389.

Dada_Ukerewe
Mimi nakaa upande wa pili wa meza, ofisi ya kusaini makaratasi, ngoja niwape ya huku.

Kaka Mpemba, hizo bei tatu zote achana nazo. Omba moja tu kwa maandishi: bei ya kutoka getini, kodi na makaratasi yote ndani. Texas kodi ya gari ni asilimia 6.25, kwa hiyo gari la dola 56,000 kodi peke yake ni 3,500. Kama una gari la kubadilishana, thamani yake inatolewa kwanza kabla ya kodi, hakikisha wameitoa. Halafu kuna gharama ya kusafirisha kutoka kiwandani, ambayo kwa F-150 ilishavuka dola 2,000. Hiyo haina mjadala wala haijali umbali. Tundra inaundwa San Antonio, mwendo wa asubuhi tu kutoka kwako, lakini usafirishaji utaulipa vilevile.

Pa kukaza buti ni kwenye karatasi ya pili. Dirishani kuna karatasi ya kiwanda, ile inayoitwa Monroney kwa jina la seneta wa Oklahoma aliyesukuma sheria ya 1958 ya kuweka bei wazi. Pembeni yake yadi hubandika ya kwao: vioo vyeusi, dawa ya kulinda rangi, nitrojeni kwenye matairi, na "marekebisho ya soko". Nitrojeni jamani! Hewa unayovuta sasa hivi asilimia 78 ni hiyo hiyo. Gari la kuagiza halina sababu ya kuwa na karatasi hiyo, kwa sababu hujalikuta yadini. Sema mapema kwamba huitaki, na iandikwe.

Kijana_Tandale
Mbona mnateseka wazee, si mchukue Hilux tu maisha yaendelee?

Fundi_Garland
Hilux haiuzwi Marekani, mdogo wangu. Toka 1995 huku ni Tacoma. Na pikapu ya kutoka nje ina ushuru wake wa asilimia 25 tangu 1964, wanauita kodi ya kuku. Ujerumani Magharibi na Ufaransa zilibana kuku wa Kimarekani, Rais Johnson akajibu kwa kubana magari.

Kijana_Tandale
Kuku wameshaliwa, wajukuu zao wameshaliwa, ushuru bado upo. Haya endeleeni.

Dreva_I10
Naona mnaongelea bei tu. Mpemba, fungua mlango wa dereva wa gari lolote unalolitaka, usome stika ya matairi iliyopo kwenye fremu. Kuna mstari unaosema uzito wa watu na mizigo usizidi pauni kadhaa. Namba hiyo ni ya gari hilo hilo, siyo ya kwenye tangazo.

Trela la pauni 7,000 hulalia nyuma ya pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, yaani 700 hadi 1,050. Tuseme stika inasema 1,500. Ukitoa elfu moja unabaki na mia tano: wewe, msaidizi wako, minyororo, jeki na boksi la vifaa. Zimekwisha. Paa la kioo, ngazi za umeme na rimu kubwa zote zinakula humo humo, ndiyo maana pikapu ya kifahari mara nyingi inabeba kidogo kuliko ya kazi. Yako bado haijaundwa, basi mwambie muuzaji akupigie picha stika ya gari lililopo yadini lenye injini na pakeji kama zako. Na breki ya trela, yaani kile kidhibiti chake kinachokaa ndani ya pikapu, dai ya kiwandani, usikubali "tutakufungia hapa".

Mombasa_Raha
Naongeza moja. Uliza kishika uchumba kinarudishwa au la. Pia uliza: oda ikichelewa hadi modeli ya mwaka unaofuata, bei ni ya siku uliyoagiza au ya siku gari linafika? Jibu la mdomo usilichukue.

Mpemba_Houston
Nimewatumia wote ujumbe mmoja: SuperCrew (dabo kebini ya Ford) au inayolingana nayo, 4x4, pakeji ya kuvutia na breki ya trela za kiwandani, bila kioo paani, nipeni bei ya getini na picha ya stika. Yadi mbili zimejibu "karibu ofisini tuongee". Hao nimewafuta. Waliobaki ni Ford na Ram, na sasa namba zinasomeka. Ile XLT iliyoonekana ghali ilikuwa na vitu ambavyo kwenye Ram walikuwa hawajaviweka.

Naelekea kwenye Ford, 301A inanitosha, viti vya joto Houston vya nini. Kimoja tu: tenki la galoni 36 si litanipunguzia tena mzigo?

Dreva_I10
Hapana, namba ya stika imeshahesabu tenki likiwa limejaa. Ila piga picha ya gari lenye tenki hilo hilo, siyo lile dogo.