Dawa ya kichocho inamsumbua mtoto tumbo

Mama Igoma: Habari za humu. Jumatatu wanagawa dawa ya kichocho shuleni. Wa kwangu ana miaka 8, kilo 24. Mara iliyopita alitapika na kushinda amejikunja. Nifanyeje?

Dawa Nyegezi: Dada, ale kabla ya kutoka: ugali na dagaa, au viazi vitamu na uji mzito. Chai ya rangi peke yake ni tumbo tupu tu. Chakula hupunguza kichefuchefu na husaidia prazikwanteli, yaani hiyo dawa ya kichocho, kuingia mwilini. Dozi ni miligramu 40 kwa kilo. Kidonge kina 600, hivyo kwake ni kama kimoja na nusu. Kwa fito ya kupimia urefu, sentimita 110 hadi 125 wanapewa hicho hicho.

Kirumba: Na asitafune! Ni kichungu balaa, uchungu wenyewe unatapisha. Kikatwe kwenye mstari, ameze upesi na maji mengi.

Nesi wa Ziwa: Mwenye minyoo mingi ya kichocho ndiye huumia zaidi, kwa sababu inakufa kwa pamoja. Kwa kawaida hupoa ndani ya siku moja. Akitapika, usimrudishie dozi mwenyewe, muulize mgawaji. Kizunguzungu kikimshika, asipande baiskeli. Uso kuvimba, kupumua kwa shida au degedege: hospitali mara moja. Mwenye kifafa atajwe kabla hajameza.

Mama Igoma: Asanteni. Kuoga ziwani je?

Dawa Nyegezi: Hapo dawa haikingi. Akirudi majini, anaambukizwa upya.