Mwaka mzima wa mashindano, reitingi imepanda 24 tu. Nisome nini humo?

Farasi_F3

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa wanaocheza sataranji ya mashindano.

Takwimu zenyewe: Januari reitingi (namba ya kupima nguvu ya mchezaji) ya FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, ilikuwa 1580, Julai ikafika 1641, Desemba imekaa 1604. Mechi za saa ndefu ni 42. Nusu ya kwanza (mechi 21) wastani wa wapinzani ulikuwa 1540, pointi 13. Nusu ya pili (mechi 21) wastani 1650, pointi 9.5. Lichess, tovuti ya kucheza sataranji, kwenye mechi za dakika 10, akaunti inasoma 1950. Mazoezi ni mafumbo kama 40 kwa siku na video za ufunguzi.

Maswali ni mawili. Je, nusu ya pili kiwango kimeshuka? Na mtu akitaka kuukagua mwaka wake vizuri, aanzie wapi?

---

Karatasi_ya_Mechi

Ndugu, hujashuka. Wala hujapanda kwa kiasi ambacho namba inaweza kukionyesha. Tupige hesabu.

Kiwango cha uchezaji kwa kipindi fulani ni wastani wa wapinzani, kisha unaongeza au kupunguza kulingana na asilimia ya pointi. Jedwali la FIDE linasema asilimia 50 ni sifuri, 55 ni +36, 60 ni +72, 65 ni +110, 70 ni +149. Chini ya 50 ni namba hizo hizo kwa kutoa. Nusu yako ya kwanza, 13 kwa 21 ni asilimia 62, yaani +87: 1540 + 87 = 1627. Nusu ya pili, 9.5 kwa 21 ni asilimia 45: 1650 − 36 = 1614.

Tofauti ni 13. Katika mechi 21, kushindwa kumoja kukigeuka ushindi kunasogeza kiwango hicho kwa alama 35 hivi. Kwa hiyo 1627 na 1614 ni mtu yule yule.

Ile 1641 ya Julai nayo ina maelezo. Mchezaji mpya anahesabiwa kwa kizidishi K cha 40 mpaka atimize mechi 30, kisha kinashuka hadi 20 (na 10 ukishawahi kufika 2400). Shindano moja zuri ukiwa na K ya 40 linakurusha juu mara mbili ya linavyokurusha sasa. Ukiwa na 1604 ukamfunga mtu wa 1750, ulitarajiwa pointi 0.30, umepata 1, tofauti ni 0.70, mara 20 ni +14. Sare naye ni +4, kushindwa ni −6. Ukifungwa na mtu wa 1450 unapoteza 14. Ndiyo maana wanaokwepa wapinzani wenye nguvu wanajiumiza: kwa mwenye nguvu kufungwa ni hasara ndogo, na ndiko kwenye mechi za kujifunza.

Jambo jingine, usilinganishe na wanaokumbuka reitingi zao za 2022. Machi 2024 FIDE iliwapandisha wote waliokuwa chini ya 2000 kwa asilimia 40 ya umbali wao kutoka 2000, na sakafu (reitingi ya chini kabisa) ikawa 1400. Aliyekuwa 1400 alilala akaamka 1640. Na 1950 ya Lichess ni mizani nyingine kabisa, wanatumia hesabu ya Glicko-2 na wachezaji tofauti. Usiitafsiri kuwa FIDE.

---

Mwalimu_Vitunda

Mkuu hapo juu amemaliza habari ya namba. Sasa toa zile karatasi 42, maana jibu la swali la pili limo humo.

Chukua mechi ulizofungwa, na zile za sare ulizokuwa ukiongoza. Kila moja ipitie kwanza BILA injini (programu ya kuchambua mechi, kama Stockfish), dakika 30, ubao halisi mezani. Andika pembeni ulichokuwa unafikiri pale ulipotumia muda mrefu. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu: wanafungua Stockfish mara moja, wanaona namba nyekundu, wanasema "aah, kumbe farasi aende mraba wa e5", wanafunga. Injini inakwambia hatua ipi ilikuwa bora. Kwa nini wewe hukuiona haiwezi kukuambia.

Kisha washa injini, tafuta hatua ya KWANZA ambayo tathmini iligeuka dhidi yako kwa zaidi ya 1.5 (1 ni thamani ya kitunda kimoja, ile kete ndogo ya mbele). Hiyo moja tu. Mengine yaliyofuata ni matokeo yake. Ipe herufi:

A: kete iliachwa bure, au tishio la hatua moja la mpinzani halikuonekana
B: mbinu ya hatua mbili au tatu
C: mpango mbaya, hakuna kete iliyopotea
D: saa, zilikuwa zimebaki chini ya dakika 5
E: ufunguzi, kabla ya hatua ya 12
F: sehemu ya mwisho ya mechi, kete zikiwa chache, iliyokuwa sare au ushindi ikaharibika

Kwa wachezaji wa 1500 hadi 1700, A, B na D ndizo hula mechi nyingi, na E huwa chache kuliko mtu anavyodhani. Nakuomba uhesabu kabla hujatazama video nyingine ya ufunguzi.

Kuhusu mafumbo 40 kwa siku: ni mengi mno kuyafanya kwa uangalifu. Fumbo linakuja na kengele, unajua kuna kitu. Kwenye mechi hakuna anayekupigia kengele. Punguza yawe 12, na usiguse kete mpaka umeona jibu lote pamoja na utetezi bora wa mpinzani. Ukikosea, liweke kwenye daftari, lirudie baada ya siku 3, kisha baada ya wiki 2. Ukilikosea mara ya tatu, tatizo ni mchoro wenyewe haujaingia kichwani: farasi anayetua c7 akimshika mfalme e8 na ngome a8, mfalme aliyefungiwa mstari wa kwanza na vitunda vyake mwenyewe, askofu anayelinda vitu viwili kwa wakati mmoja.

Dawa ya A ni ndogo na inachosha: kabla ya kila hatua, mikono ikiwa chini ya meza, uliza mpinzani ana cheki (shambulio kwa mfalme) gani, anaweza kula nini, anatishia nini BAADA ya hatua yangu. Wengi wanauliza kabla ya kuchagua hatua, halafu hawaulizi tena baada ya kuichagua.

---

Saa_na_Sekunde

Niongezee kwenye D, maana watu huiweka mwisho ilhali inazaa A na B.

Sheria inaruhusu kuandika muda wa saa kwenye karatasi ya mechi. Andika dakika zilizobaki kila baada ya hatua 5, pembeni ya hatua, namba tu. Mwisho wa shindano utaona mchoro wako. Kwa mechi ya dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa hatua, kipimo kizuri ni hatua ya 15 ukiwa na zaidi ya dakika 65, na hatua ya 30 ukiwa na zaidi ya 25. Ukifika hatua ya 15 na dakika 40, tafuta zilikoenda. Mara nyingi utakuta hatua moja imekula dakika 18, na mwishowe ilichezwa ile ile iliyokujia akilini mwanzo.

Ukitumia dakika 10 kwenye hatua moja bila kufika, chagua kati ya mbili ulizonazo, kagua cheki na kuliwa, cheza.

Mechi za dakika 10 mtandaoni hazikufundishi hili. Weka Lichess dakika 45 na nyongeza ya sekunde 45, mechi mbili kwa wiki, ubao halisi pembeni, andika kila hatua kwa mkono. Na kumbuka utaratibu: unacheza kwanza, ndipo unaandika. Kuandika kabla kunaruhusiwa tu ukidai sare.

---

Farasi_F3

Asanteni sana. Nimepitia haraka mechi 17 nilizofungwa: A 5, B 3, C 1, D 4, E 1, F 3. Hizo F zote ni ngome na kitunda dhidi ya ngome. Na hapo kwenye kudai sare, utaratibu ukoje hasa?

---

Karatasi_ya_Mechi

Kudai sare kwa hali (mpangilio ule ule wa kete ubaoni) kujirudia mara tatu: ikiwa hatua yako ndiyo itakayoleta mara ya tatu, iandike kwenye karatasi, USIICHEZE, simamisha saa, mwite mwamuzi, umwambie unakusudia kuicheza. Ukiisha kuigusa kete umepoteza haki ya kudai kwa hatua hiyo. Ikiwa mpinzani ndiye aliyeileta mara ya tatu, dai kabla ya kugusa chochote. Ikijirudia mara tano mwamuzi anaimaliza mwenyewe.

---

Mwalimu_Vitunda

F 3 za aina moja ni habari njema, kaka, zinatibika ndani ya wiki mbili. Jifunze michoro miwili.

Wa kushinda, unaitwa Lucena. Weka mezani: mfalme mweupe g8, kitunda g7, ngome f1, mfalme mweusi e7, ngome h2. Nyeupe inaanza. Ngome e1 cheki, mfalme anakwenda d7. Sasa ngome e4, hiyo ndiyo hatua inayosahauliwa. Nyeusi inasubiri kwa ngome h1. Mfalme f7, cheki kutoka f1. Mfalme g6, cheki kutoka g1. Mfalme f6, cheki kutoka f1. Mfalme g5, cheki kutoka g1. Ngome g4 inaziba, na kitunda kinapita. Ukikimbilia kutoka na mfalme bila ngome kuwa mstari wa 4, cheki haziishi.

Wa kuokoa sare, Philidor. Mfalme wako anakaa mbele ya kitunda cha mpinzani, ngome yako inalinda mstari wa 6 (kwa kuhesabu kutoka upande wa mshambuliaji) ili mfalme wake asiingie. Unasogeza ngome kushoto na kulia kwenye mstari huo huo, basi. Siku kitunda kinapokanyaga mstari wa 6, shusha ngome mpaka mstari wa 1 na umpige cheki kutoka nyuma: kitunda kikishasogea, mfalme wake hana tena pa kujificha. Kosa la kawaida ni kushuka mapema, kitunda kikiwa bado mstari wa 5, mfalme akaingia wa 6 na mati (mfalme kukwama, mechi kuisha) ikaanza kunukia.

Cheza kila mchoro mara 10 dhidi ya injini, pande zote mbili, kwa dakika 3 na nyongeza ya sekunde 2, kwa sababu kwenye mashindano utafika hapo ukiwa umechoka na saa inakwisha. Zile A 5, niwekee hapa hatua tatu kabla ya kosa katika kila mechi, pamoja na muda uliokuwa umebaki kama uliuandika.