Konokono wamejaa kwenye tangi la samaki na sikuwaleta mimi, naombeni ushauri

MamaGapi
Wakuu, habari za jioni. Nina tangi dogo la lita 45 sebuleni, nipo Nyegezi, Mwanza. Ndani kuna gapi tisa, filta ya sponji na pampu ya hewa, basi. Lina miezi mitatu sasa. Mwanzoni lilikuwa tupu kama beseni la kunawia, mtoto wa kaka yangu akaniambia, "Shangazi, unanunua majani ya plastiki ya nini na ziwa lipo hapo?" Akaenda, akarudi na ndoo ya majani. Nikayasuuza kwa maji ya bomba, nikayapanda.

Wiki ya pili nikaona konokono mmoja. Nikafurahi, nikasema tumepata mgeni. Leo nikiwasha taa usiku, kioo kizima kina madoa. Wengine ni bapa, wamejikunja kama mkeka. Wengine wamechongoka kama parafujo, hao mchana wanajifukia mchangani. Halafu kioo kina vidonge vya ute vyenye nukta ndani. Mwanangu wa miaka sita ndiye msaidizi wangu, kila jioni anazamisha mkono, anawaokota na kuwatia kwenye kikombe. Kazi anaipenda sana. Lakini tukitoa ishirini leo, kesho wapo arobaini.

Wanadhuru samaki? Duka la pembejeo wameniambia mrututu unawamaliza wote. Niweke kiasi gani?

FundiPampu
Dada, mrututu usiuguse. Ni shaba hiyo. Konokono watakufa kweli, ila maji ya bomba ya Mwanza yanatoka ziwani na ni maji laini, na kwenye maji laini shaba inakuwa kali zaidi kwa samaki. Hata gapi wakipona, konokono mia wakifa siku moja wanaoza humo humo, maji yanachafuka na asubuhi unakuta samaki wanahema juu.

Mimi kwanza nakuuliza wewe: unalisha mara ngapi?

MamaGapi
Mara tatu. Na mtoto anaongeza akirudi shule.

FundiPampu
Jibu lako ndilo hilo. Unafuga konokono kwa chakula cha gapi. Lisha mara moja kwa siku, kile wanachomaliza ndani ya dakika mbili. Jioni weka jani la saladi lililochovywa kwenye maji ya moto, asubuhi litoe na konokono walioling'ang'ania. Hao wa parafujo usitegemee kuwamaliza: jike anazaa bila dume, tena anazaa watoto hai, kwa hiyo akibaki mmoja amebaki ukoo.

ZiwaLetu
Weka kamongo. Konokono wataisha. Gapi wataisha. Tangi litaisha.

KipimoKwanza
Samahanini wakuu, nimesoma uzi huu mara mbili na naona tunajadili saladi wakati jambo kubwa limepita. Majani yametoka ziwani. Konokono bapa aliyejikunja kama mkeka, kutoka Ziwa Victoria. Na mtoto anazamisha mkono kila jioni.

MamaGapi, konokono wa namna hiyo ziwani ndio wanaobeba kichocho cha tumbo. Si kila mmoja anacho, na kwa macho huwezi kumjua. Hata maabara humweka kwenye kichupa cha maji chini ya mwanga, kisha wanaangalia kwa hadubini kama anatoa vijidudu. Vijidudu hivyo vinaogelea na kupenya ngozi, hata isiyo na kidonda. Visipopata mtu vinakufa ndani ya siku mbili hivi, lakini konokono aliyeambukizwa anaendelea kutoa vingine kwa wiki nyingi.

Kuna nafuu moja. Konokono hazaliwi na kichocho, anakipata kwenye maji yaliyoingia kinyesi cha mtu mgonjwa. Kwa hiyo hao waliototolewa tangini kwako ni wasafi. Wa kuogopwa ni wale wakubwa waliokuja na ndoo, nao sasa wamechanganyika na watoto wao. Wa parafujo hahusiki na kichocho.

Mtoto asiguse maji tena. Wewe vaa glavu ndefu. Halafu nendeni kituo cha afya mkapime choo kikubwa, mkieleza habari ya konokono. Miezi mitatu inatosha mayai kuonekana. Dawa yake ipo, prazikwanteli, inatibika vizuri. Na huyo kijana aliyeingia ziwani na ndoo apime kabla yenu wote.

MamaGapi
Mungu wangu. Mikono inatetemeka hapa.

Samaki_wa_Sinza
Mnamtisha dada wa watu. Mimi nina konokono bapa miaka minne, wanakula mwani na mabaki, kioo kinang'aa, sijawahi kuumwa.

KipimoKwanza
Ulinunua wapi majani?

Samaki_wa_Sinza
Kwa jamaa anayeyazalisha mwenyewe kwenye matangi.

KipimoKwanza
Sasa si unaona mwenyewe?

Samaki_wa_Sinza
Sawa mkuu, nimekuelewa.

MtotoWaIgombe
Nyongeza kwa wanaowaza kuweka samaki wa kula konokono. Kuna furu wa kwetu, wataalamu wanamwita Astatoreochromis alluaudi, ana meno kooni ya kusagia magamba. Alijaribiwa hata Kenya kwenye mabwawa ili kupunguza konokono wa kichocho. Shida ni kwamba akikuzwa kwa chakula laini, taya la kooni halikomai na konokono wagumu hawawezi. Na kwa lita 45 gapi wako ndio watakuwa kitoweo. Wazo zuri, tangi baya.

FundiPampu
KipimoKwanza kanizidi, nafuta habari ya saladi. Dada, anza upya. Gapi kwenye ndoo safi pamoja na sponji yao, usiioshe kwa maji ya bomba, bakteria wazuri wamo humo. Majani yote yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa. Mchanga uchemshe. Konokono wamwagie maji ya moto kisha fukia. Maji mwaga kwenye udongo mkavu, si mtaroni, mtaro unarudi ziwani. Majani mapya nunua kwa mzalishaji, yachovye dakika mbili kwenye jiki sehemu moja kwa maji sehemu 19, kisha suuza sana.

MamaGapi
MREJESHO. Wiki tatu zimepita. Mimi na mwanangu tulipima, hatuna. Kijana wa kaka anacho. Amemeza dawa, akalalamika kizunguzungu siku hiyo, sasa yupo sawa na amekiri huwa anaoga ziwani kila Jumapili. Tangi nilianza upya kama FundiPampu alivyosema. Gapi wanane wazima, mmoja aliruka kutoka kwenye ndoo usiku.

Jana nikaona parafujo mmoja mchangani. Nadhani alijificha kwenye sponji. Mwanangu amenunuliwa kibanio kirefu, amesimama hapa kioo chote kina pua yake, anamsubiri atoke.