Naomba ushauri: kioo cha darubini kimeliwa na hewa ya bahari

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wanaojua darubini za vioo. Nina Newtonian (darubini inayokusanya mwanga kwa kioo kilichopinda badala ya lenzi) ya inchi 8, f/6 (yaani urefu wa fokasi ni mara 6 ya upana wa kioo), nakaa Tanga karibu kabisa na bahari, sasa utando wa aluminiamu kwenye kioo kikubwa umeanza kuliwa, ukimulika tochi kwa nyuma unaona vitundu kama chekecheke na pembeni kuna ukungu mweupe hautoki. Nimekiosha kwa maji ya betri yale yasiyo na asidi na sabuni kidogo ya vyombo, bila kusugua, wapi. Zohali na pete zake bado naziona ila zimefifia sana. Dar nimeulizia, sijapata mwenye mashine ya vakyumu (chumba kilichoondolewa hewa) ya kupaka upya huo utando.

Glasi yenyewe nzima na parabola yake (mpindo wa uso wa kioo) ilikuwa safi mno, ndo maana roho inauma kuagiza kingine cha kuchongwa kwa oda.

Nikikituma nje, wakishatoa ule utando wa zamani parabola inabaki vilevile au lazima kichongwe tena? Na kama kuna aliyewahi kupaka fedha mwenyewe kwa silva naitreti (kemikali yenye fedha), huku pwani inadumu kweli? Natanguliza shukrani.