Nifunge banda la kuku wa nyama?

Wakuu, niko Sakina, Arusha. Nilipokuwa karani banda lilinifaa: jioni niko nyumbani, nachochea mkaa wa kuwapa vifaranga joto, nabadilisha maji. Sasa ni dereva wa watalii, na kuanzia Juni hadi Oktoba nalala Serengeti mara nyingi kuliko kwangu. Vifaranga hawasubiri. Siku ya 7 chanjo ya kideri, ya 14 gumboro, na baridi ya Julai hapa mnaijua. Shemeji anasaidia, ila jiko likizimika usiku yeye kalala fofofo. Na soko ninalo, hasa hoteli moja ya mjini! Nifunge, au niajiri kijana?

Mama Kuku, Moshi: Pole kaka. Ukimlipa kijana vizuri, faida yote anaondoka nayo. Uza hawa waliopo, usiagize wengine.

Mzee wa Ngaramtoni: Vyombo vya maji usiuze bado. Novemba wageni wakipungua utakaa tu nyumbani. Hoteli waambie mapema, wapishi hawapendi kushtukizwa.

Muulizaji: Asante dada. Shikamoo mzee, hoteli nimeshawapigia. Shemeji naye ameshaliulizia banda, eti anataka kufuga sungura.